Siku 21 za kumpima kifaranga

Kila duka la pembejeo lina rafu yake ya vikuzaji: vitamini za kutia kwenye maji, vimeng'enya, chachu, unga wa mlonge, na siku hizi unga wa mabuu ya nzi. Mfugaji anatia pakiti, wiki tatu zinapita, vifaranga wamejaa kifua, anasema dawa imekubali. Lakini kifaranga wa kuku wa nyama hakui kwa sababu ya pakiti. Anatotolewa na gramu 40 hadi 45, na akipata joto, maji na chakula cha kawaida, siku ya 21 anavuka gramu 800. Kinachotafutwa ni zile gramu 30 au 50 za ziada ambazo asingezipata bila pakiti, na gramu hizo hazionekani kwa macho wala kwa kumpima kifaranga mmoja mkononi.

Kinachowaponza wengi ni kusahau kwamba kirutubisho huonyesha nguvu zake pale tu kinapokosekana. Viwango vya NRC, baraza la taifa la utafiti la Marekani, vya mwaka 1994 vinataka riboflavini (vitamini B2) miligramu 3.6 kwa kila kilo ya chakula cha kifaranga wa nyama, na vitamini B12 miligramu 0.01 tu. Chakula chako kikishafikisha hapo, ongeza mara mbili au mara tano, mizani haitasogea. Hapo wengine hukimbilia kusema pakiti ni feki, kumbe ni nzima kabisa. Hapakuwa na pengo la kuziba. Vilevile pakiti isiyo na maana yoyote inaweza kuonekana ya ajabu kwa sababu tu kundi lililonyimwa lilikaa karibu na mlango na kupigwa na baridi.

Kifaranga naye haji mikono mitupu. Kiini cha yai kilichobaki tumboni humlisha siku nne tano za mwanzo, na mama aliyelishwa vizuri anakuwa ameshaweka vitamini za kutosha ndani ya yai. Wiki ya kwanza inaweza kuficha upungufu wote. Ndiyo maana waliotafuta vitamini B12 walitumia vifaranga wa kuku waliokuwa wamelishwa chakula kisicho na B12. Sisi hatuna anasa hiyo. Vifaranga tunanunua kwa wazalishaji, wazazi wao hatuwajui. Dawa yake ni kununua wote kwenye kundi moja la kutotolewa, siku moja, na kutotoa hukumu kabla ya siku ya 21.

Kwa jaribio la namna hii makundi mawili, la waliopewa pakiti na la walionyimwa, hayatoshi. Mwishoni mwa miaka ya 1940, kwenye maabara za kampuni ya dawa ya Lederle, Pearl River, jimbo la New York, Robert Stokstad na Thomas Jukes walikuwa wakitafuta chanzo cha bei nafuu cha B12, vitamini iliyokuwa ndiyo kwanza imetengwa mwaka 1948. Waliwalisha vifaranga mabaki ya kuzalishia antibiotiki ya aureomisini. Vifaranga wakakua, jambo lililotarajiwa. Lakini walikua hata kuwapita wale waliopewa B12 ya kutosha, na hilo B12 haiwezi kulieleza. Kilichowakuza ni antibiotiki iliyobaki ndani ya yale mabaki. Bila kundi lililoshibishwa B12, jaribio lingeisha kwa furaha na jibu lisilo sahihi. Habari hiyo ya mwaka 1950 ndiyo iliyofungua mlango wa antibiotiki kumwagwa kwenye chakula cha kuku duniani, mpaka Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku kuzitumia kama vikuzaji kuanzia tarehe 1 Januari 2006.

Kwa hiyo weka makundi matatu. Moja lile chakula kamili. La pili lile chakula hichohicho bila premiksi ya vitamini, yaani ule unga wa vitamini uliokwisha kuchanganywa kiwandani. La tatu lile kile unachokipima. Kundi lililonyimwa premiksi ndilo kipimo cha jaribio lenyewe: likikua sawa na lililopewa, jaribio lako halina macho, na chochote utakachosema kuhusu kundi la tatu ni kubahatisha. Watu hulikwepa kundi hili kwa kuona ni kupoteza vifaranga. Ukilikwepa, bora ufuge tu na kuuza.

Tuchukue mfano ambao mafundi wa chakula wanaubishania kila siku: je, dagaa ana kitu zaidi ya protini? Kosa la kawaida ni kutia kilo 5 za dagaa juu ya kilo 95 za mchanganyiko uleule. Umeongeza protini, chumvi, kalsiamu na methionini (asidi ya amino, kijenzi cha protini) kwa mpigo mmoja, halafu unasema "dagaa amekuza". Kipi kati ya hivyo?

Chakula cha msingi cha kilo 100 kinaweza kuwa hivi: mahindi kilo 55, mashudu ya soya yenye protini asilimia 44 kilo 38.6, mafuta ya kula kilo 2.5, DCP (unga wa kalsiamu na fosforasi) kilo 1.8, chokaa ya mifugo kilo 1.3, chumvi gramu 350, premiksi gramu 250, methionini gramu 200. Protini inakaribia asilimia 22. Sasa ingiza dagaa wenye protini asilimia 55, kilo 5. Hao wanaleta kilo 2.75 za protini, kwa hiyo ondoa soya kilo 6.6, na ili mzigo ubaki kilo 100 ongeza mahindi kilo 1.6. Piga hesabu: soya iliyotoka ilibeba protini kilo 2.9, dagaa na mahindi yaliyoingia yamebeba kilo 2.9. Hapo umebadilisha chanzo bila kubadilisha kiasi. Methionini ya dukani ipunguze kwa gramu 30 hadi 40, kwa sababu dagaa ana nyingi kuliko soya. Punguza pia chokaa, DCP na chumvi, lakini hizo usizikisie. Peleka sampuli ya dagaa maabara ya lishe ya mifugo, kama ile ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, upate protini, majivu (madini na mchanga vinavyobaki sampuli ikichomwa), kalsiamu na fosforasi. Gharama hiyo ni ndogo kuliko ya jaribio bovu.

Majivu hasa yaangalie. Dagaa wa Ziwa Victoria, omena kwa Wakenya, mukene kwa Waganda, wengi huanikwa juu ya mchanga wa ufukweni, na mchanga unapanda nao kwenye gunia. Kabla hata ya maabara, chukua gramu 100 za dagaa waliosagwa, tia kwenye chombo cha maji, koroga, kisha mimina maji pamoja na kinachoelea taratibu, kama unavyoopoa mchele wenye mawe. Rudia mara tatu nne. Kinachobaki chini na kukwaruza ukikisugua kwa kidole ni mchanga, kikaushe, kipime. Ukipata gramu 15, basi katika kila kilo 5 ulizolipia, gramu 750 ni ufukwe.

Soya nayo ina mtego. Ikiwa mbichi au imekaangwa nusunusu inabaki na kitu kinachozuia tripsini, na tripsini ndiyo kimeng'enya cha kusaga protini tumboni. Kifaranga anakula, hakui, na kongosho lake linavimba. Kundi la msingi likilishwa soya ya namna hiyo, chochote kitakachopunguza soya, hata kama ni mashudu ya alizeti, kitaonekana kikuzaji. Dagaa wako wameshinda, lakini wamemshinda mgonjwa. Tumia mashudu yaliyokwisha kupita joto la kiwandani, au soya uliyoikaanga sawasawa, tena kutoka mzigo mmoja kwa makundi yote. Mahindi hivyohivyo: punje zenye ukungu zitoe kabla ya kusaga, maana sumukuvu hudumaza kifaranga kimyakimya na kufunika kila tofauti uliyokuwa ukiitafuta.

Kuchanganya ndiko jaribio linakofia mara nyingi. Gramu 250 za premiksi zikitupwa juu ya kilo 100 na kugeuzwa kwa koleo, kuna kizimba kitakachokula vitamini za wiki nzima kwa siku moja na kingine kitakachokosa kabisa. Panda ngazi: premiksi na kilo 1 ya unga wa mahindi kwenye beseni, changanya mpaka rangi iwe moja, mimina kwenye kilo 5, changanya, kisha kilo 20, ndipo umwage kwenye rundo kubwa na kuligeuza si chini ya mara sita, kila mara ukihamisha rundo zima kutoka upande mmoja wa sakafu kwenda mwingine. Methionini na chumvi zipite njia hiyohiyo. Kundi lisilopewa premiksi liwekee gramu 250 za pumba laini za mahindi mahali pake, na lichanganye la kwanza, kabla koleo na sakafu havijashika vitamini. Sehemu ya chakula inayofanana kwa makundi ichanganywe kama rundo moja, igawanywe baadaye. Vifaranga 50 kwa siku 21 watakula kilo 55 hadi 60. Changanya kilo 70 za kila aina kwa mara moja, usije ukamalizia na mahindi ya gunia jingine. Kila aina itolee nusu kilo, funga kwenye mfuko, andika, weka kwenye friza.

Sasa vizimba. Mtu akitenga banda kwa ubao mmoja, vifaranga 75 kulia na 75 kushoto, anadhani ana vipimo 75 kila upande. Ana kimoja. Wanaokula chombo kimoja, wakiota taa moja na kuambukizana kuhara kumoja, wanahesabika kama kitu kimoja. Vifaranga 150 hao hao wagawe kwenye vizimba 15 vya mita moja kwa mita moja, 10 kila kizimba, na kila chakula kipate vizimba vitano. Vipange safu tano kutoka mlangoni hadi nyuma, kila safu vizimba vitatu, na ndani ya kila safu vyakula vigawiwe kwa kura: vikaratasi vitatu kwenye kofia, basi. Hapo baridi ya mlangoni inawapiga wa vyakula vyote vitatu kwa usawa.

Vizimba vitano vinatosha kuona nini? Wastani wa vizimba vilivyotunzwa vizuri hutofautiana kama asilimia 4 hata vikila chakula kimoja. Ukitaka uhakika wa asilimia 80 wa kuinasa tofauti ya kweli ya asilimia 5, unahitaji kama vizimba 10 kwa kila chakula. Kwa tofauti ya asilimia 7, vitano au sita. Muuzaji anayekuahidi nyongeza ya asilimia 3 anakuahidi kitu ambacho banda lako haliwezi kukikanusha wala kukithibitisha, na pengine analijua hilo.

Agiza vifaranga 175 ingawa utatumia 150. Wapime mmoja mmoja siku ya kwanza, toa wepesi kupita kiasi, wazito kupita kiasi, wenye kitovu kibichi na wanaosinzia. Waliobaki wapange kwa makundi ya uzito, kisha wagawe kama karata, ili kila kizimba kianze na jumla inayolingana ndani ya gramu 5. Tofauti ya gramu 3 kwa kifaranga siku ya kwanza si ndogo. Inakua pamoja naye.

Sakafu inahitaji uamuzi. Kwenye maranda, bakteria hutengeneza B12 ndani ya kinyesi, na kifaranga anayedonoa matandiko anajipatia vitamini ambayo wewe umemnyima kwa makusudi. Kama unachopima ni B12 au dagaa kama chanzo chake, sakafu iwe wavu wa nusu inchi, kinyesi kianguke chini asikifikie. Kama unachopima ni chakula kitakachotumika kwenye mabanda ya maranda, basi weka maranda, mapya na ya aina moja kwa vizimba vyote, na ujue kwamba baadhi ya tofauti zitamezwa. Banda lenyewe nalo linasema. Uingereza, Marie Coates na wenzake wa Reading walikuta kwamba antibiotiki iliyokuza vifaranga kwenye mabanda ya zamani haikufanya kitu kwenye banda jipya safi, na baadaye kwamba vifaranga waliolelewa bila vijidudu kabisa hawakuitikia. Jibu la banda la mtu mwingine usilichukue kuwa lako.

Joto liwe nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, usawa wa mgongo wa kifaranga na siyo ukutani, kisha lishuke nyuzi 3 hivi kila wiki. Chanjo zifuate ratiba ya daktari wa mifugo wa eneo lako, lakini zitolewe kwa vizimba vyote siku moja, saa moja. Angalia pia maji: wengi hutia vitamini za "stress" kwenye maji siku ya chanjo, kwa mazoea tu, na kundi lisilo na premiksi likapona hapohapo. Hakuna kitu kwenye maji isipokuwa maji.

Chakula kinachopotea huhesabiwa kuwa kimeliwa. Kifaranga hukwangua, na chombo kilichojazwa mpaka juu humwaga mengi chini. Jaza theluthi moja, inua ukingo ufike usawa wa mgongo wake na uupandishe kadiri anavyokua, tandika karatasi ngumu chini ya chombo wiki ya kwanza. Kila kizimba kiwe na ndoo yake yenye mfuniko na namba, na chakula kipimwe kuingia ndooni, siyo kuingia kwenye chombo. Mwisho wa wiki unapima kilichobaki ndooni pamoja na cha kwenye chombo.

Daftari liandikwe kila siku, na anayelisha aandike mwenyewe. Kule Batavia, Jakarta ya leo, Christiaan Eijkman alikuwa na kuku waliopooza miguu, akawa anasaka vijidudu, mara kuku wakapona. Alipofuatilia akakuta walikuwa wakilishwa wali mweupe uliobaki hospitali ya jeshi, hadi mpishi mpya alipogoma kuwapa kuku wa kiraia wali wa jeshi, wakarudishiwa mchele usiokobolewa. Kwake lile badiliko la jikoni lilifungua njia ya tayamini (vitamini B1) na Tuzo ya Nobel ya mwaka 1929. Kwako, kijana wa banda aliyeishiwa na kuchota ndoo ya jirani bila kuandika anaua kizimba kizima, wala hutajua.

Pima siku ya 7, 14 na 21, saa ileile ya asubuhi, kwa mpangilio uleule wa vizimba, mizani ya gramu moja ikikaguliwa kwanza kwa uzito unaoujua. Mfuko wa sukari uliofungwa unatosha. Anayekufa apimwe siku hiyohiyo. Tuseme kizimba kilianza na vifaranga 10 wenye gramu 420 kwa jumla. Mmoja alikufa siku ya 9 akiwa na gramu 150. Siku ya 21 waliobaki tisa wana gramu 7,380, na chakula kilicholiwa ni gramu 10,050. Ongezeko ni 7,380 jumlisha 150 toa 420, yaani 7,110, na chakula kwa kila gramu ya ongezeko ni 1.41. Ukimsahau marehemu, ongezeko linakuwa 6,960 na uwiano 1.44. Tofauti hiyo ya 0.03 ni kubwa kama ile ambayo vimeng'enya vingi huuziwa watu, na imetokana na maiti mmoja ambaye hakuandikwa.

Mizani haitoshi peke yake, tazama miguu. Vidole vikijikunja kwa ndani kama ngumi na kifaranga akatembelea visigino kuanzia wiki ya pili, hiyo ni riboflavini. Kichwa kikivutwa nyuma akawa kama anahesabu nyota, tayamini. Kifundo kikivimba, kano ikachomoka na mguu ukapinda upande, fikiria manganizi, kolini au biotini. Mdomo ukiwa laini unapinda kama mpira, vitamini D, au kalsiamu na fosforasi zimekosana. Akianguka ubavu na kupiga miguu hewani wiki ya tatu, kagua kama mafuta uliyochanganya yamechacha, maana mafuta yaliyochacha humaliza vitamini E.

Kundi lisilo na premiksi ndilo litakaloonyesha haya kwanza, na hapo sheria iwe imeandikwa kabla ya siku ya kwanza: kifaranga asiyeweza kufikia maji anatolewa, anapimwa, anapewa vitamini, na tarehe yake inaingia daftarini. Vidole vilivyoanza kujikunja jana hunyooka kwa siku chache. Vilivyokaa wiki vinaweza kubaki hivyohivyo. Vizimba vitatu kati ya vitano vikionyesha dalili, simamisha kundi lote lirudi kwenye chakula kamili. Jibu la kundi hilo umeshalipata, hata kama ni siku ya 16.

Linganisha safu kwa safu: kizimba cha dagaa na kizimba cha chakula kamili vilivyokaa pamoja, tofauti tano. Zote tano zikielekea upande mmoja na zikikaribiana, una jambo la kusema. Mbili zikipanda, mbili zikishuka na moja ikipanda sana, hiyo moja nenda ukaitazame kabla ya kuita wastani: taa ilikuwaje, maji yalimwagika lini, nani aliingia. Kisha toa ile mifuko ya friza, pima protini ya kila chakula, uone kama ulichokichanganya ndicho ulichokiandika.